Mkono wa Mama Icilda

Jumapili jioni, Peckham, London. Siku ya kurudisha saa nyuma kwa majira ya baridi.

Mvua ya rasharasha tangu asubuhi, ile isiyolowesha wala kukoma. Leo tumeongezewa saa nzima na sijui nimeifanyia nini. Saa kumi na moja tu nje ni giza totoro, taa za saluni ya chini zinawaka, na mimi nimekaa jikoni koti likiwa bado mwilini. Neema, binti yangu, amepita mara mbili akijifanya anakuja kunywa maji. Mara ya pili akasema, "Mum, take your coat off." Nimelivua. Sikusikia joto wala baridi.

Leo tumelipigia kura kanisa letu. Tumeliuza.

Au niseme nimeliuza, maana kura ilikuwa sita kwa tano, na mmoja wa wale sita ni mimi.

Nataka niandike kwa mpangilio, kwa sababu kichwa changu leo kiko kama mdomo uliotoka kwa daktari wa meno. Najua upo, ila siusikii.

Nyinyi wachache mnaonisoma humu mnalijua kanisa lenyewe kwa malalamiko yangu: paa linalovuja, boila la kupasha joto, la kubembelezwa kama mtoto mgonjwa, funguo zilizotoboa mfuko wa koti langu. Ni kanisa la Kibaptisti, la matofali mekundu yaliyogeuka meusi, nyuma ya barabara kubwa, katikati ya duka la samaki wakavu na fleti za halmashauri. Washirika wa asubuhi tumebaki kumi na mmoja. Mchungaji hatuna. Wa mwisho alistaafu, hakuja mwingine. Kanisa linajaa mchana, kwenye ibada ya Kiswahili: Wakongo, Wakenya, Watanzania, ngoma, watoto wanaokimbizana chini ya mabenchi na kugombana kwa Kiingereza.

Sasa sikilizeni upumbavu wetu.

Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia. Wanaoamua ni washirika, kwa kunyosha mikono. Na mshirika ni yule aliyesimama mbele ya kanisa akapewa mkono wa kuume wa ushirika, akahesabiwa mmoja wetu. Watu wa ibada ya mchana hawajafanya hivyo hata mmoja. Nimewaambia mwaka hadi mwaka. Mwinjilisti Bahati anayewaongoza, mtu mpole wa Bukavu, hunijibu kwa tabasamu lilelile: "Dada, mimi nilizamishwa majini kule kwetu. Mbaptisti ni Mbaptisti. Nipokewe mara ngapi?" Wengine waliona ni kama wanaambiwa ubatizo wa nyumbani si ubatizo, wakanuna kidogo, wakaendelea kuimba. Kwa hiyo kanisa zima la mchana, lenye watu wote wale, halina kura hata moja ila ya kwangu.

Mimi nilipokelewa kwa sababu nilifika kabla ibada ya Kiswahili haijaanza. Kwetu ni Tukuyu. Nimekulia kwenye kanisa la mabati lililoanzishwa na wamishenari wa Kimarekani waliotoka Kusini ya kwao wakatukuta sisi huku Kusini ya kwetu. Nilibatizwa kijitoni, maji ya baridi ya kukata pumzi. Nilipofika London nililitafuta neno Baptist kwenye kuta kama mtu aliyebanwa anavyotafuta choo, nikaingia la kwanza nililoliona.

Aliyenipokea mlangoni ni Mama Icilda.

Ni Mjamaika, shemasi, fundi cherehani wa maisha yote, na sasa ana miaka themanini na nane. Kanisani wote humwita Sister. Mimi ilinishinda. Mtu anayemzidi mama yangu kwa umri, nimwite dada kwa lipi? Nikamwita Mama, nikamfundisha kuitikia shikamoo. Mpaka leo anaitikia "Marahaba" kwa lafudhi ya kwao, akiivuta mpaka inakuwa wimbo. Tukuyu ningepiga goti. Hapa nainama kidogo tu, naye hunigonga begani, aniambie ninyanyuke kabla sijavunja mgongo, wazee ninaowatunza kazini kwangu wakakosa wa kuwageuza kitandani.

Tangu mama yangu mzazi afariki mwezi Machi, huyu ndiye mama niliyebaki naye.

Basi leo. Kuna kampuni ya kujenga fleti inakitaka kiwanja. Tungeuza, sisi wa asubuhi tungejiunga na kanisa la jirani, ambalo mchana lina mambo yake, na watu wa Kiswahili wangejitafutia pa kwenda. Au tungekataa, tukaliziba paa kidogokidogo, na kina Bahati wakapokelewa ushirika hatimaye, wakawa wenyeji. Hayo ndiyo tuliyokuwa tunachagua. Mwenyekiti wa muda, bwana mmoja aliyetumwa na makanisa jirani kutusimamia, aliniomba nieleze historia ya kanisa kwa ufupi kabla ya kura, ili watu wajue wanachokipigia kura. Niliiandaa wiki nzima. Niseme kweli, niliiandaa ili wakatae.

Nikasimama nikawaambia walioanza walikuwa wauza mboga na wafyatua matofali. Walisali chumba cha juu ya zizi, wao wakiimba, farasi wakigonga kwato chini. Kanisa walilijenga wenyewe jioni baada ya kazi, na chini ya mimbari wakachimba kisima cha ubatizo, ambacho mpaka leo ukifunua mbao za sakafu unakikuta. Wakati wa vita bomu likaangusha nusu ya mtaa pamoja na paa la kanisa. Waliopoteza nyumba wakalala ukumbi wa chini, na kisima kilipojaa maji ya mvua, wanawake wa mtaa wakawa wanayachota kufulia nguo. Sehemu hiyo naipenda.

Kisha wakaja watu wa Karibi, kuendesha mabasi na kuuguza wagonjwa wa nchi hii. Mama Icilda alikuwa msichana. Alipewa mkono wa ushirika mbele ya watu wote, vizuri kabisa, akaenda kukaa, na benchi lile hakuna aliyekuja kukaa naye mwaka mzima. Hakuhama. Alikaa katikati, si pembeni, ili waone kwamba nafasi ziko pande zote mbili. Haya kanisimulia mwenyewe, akicheka. Polepole Wazungu wakahamia nje ya jiji, na benchi likajaa.

Nikawaambia kuhusu kanzu za ubatizo. Kanzu ikiingia majini huelea, ikamwaibisha mtu. Kwa hiyo Mama Icilda alishona kwenye pindo la kila kanzu vyuma vidogo, vile vya kuzuia pazia lisipeperuke. Kila aliyezamishwa humu kwa miaka mingi amezama na pindo alilolishona yeye. Wanijeria walizivaa, kabla hawajahamia kwenye makanisa yao ya maghala makubwa ya Old Kent Road. Watu wa Bahati wanazivaa mpaka leo, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuuliza ule uzito wa miguuni unatoka wapi.

Nikamalizia na mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikawaeleza maana yake. Watu wakaitika amina, na mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Nikajua tumeshinda.

Benchi la Mama Icilda ni lilelile la mbele. Mimi hukaa nyuma yake ili nimsaidie kusimama. Mwenyekiti akasema wanaokubali kuuza wanyoshe mikono.

Mkono wa kwanza kwenda juu ulikuwa wake.

Niliuangalia ule mkono, na bangili ya shaba anayovaa kwa ajili ya maumivu ya viungo. Nikawaza, kumbe amechoka. Kumbe mama huyu alikuwa anataka kupumzika siku zote hizi, na mimi hapa nimetoka kumwimbia farasi na mabomu. Nani mimi nimpinge mbele za watu? Kwetu mkubwa akishatoa neno hadharani, unanyamaza. Ukiwa na lako, unamfuata kwake jioni, mnaongea mkiwa mmekaa chini. Na mkono wangu ukapanda. Sikumbuki kuupandisha. Niliuona tu uko juu, mkono wa sweta ya kijani, nikautambua kuwa ni wangu.

Mambo yangu mengi yamekuwa hivyo tangu Machi. Mama yangu nilimzika kwa simu, picha zikikatikakatika, nimesimama stoo ya mashuka kazini. Sikulia. Simu ilipokwisha nikachukua mashuka niliyofuata nikaenda kutandika. Tangu siku hiyo mikono inatangulia, mimi nafuata nyuma.

Mwenyekiti alihesabu, akarudia. Mara ya pili alinitazama mimi zaidi, mtu niliyetoka kusimulia historia nzima ya kulitetea kanisa. Sita. Wanaopinga, watano. Akasema imepita. Kwa taratibu zetu uamuzi wa namna hii huthibitishwa kwenye mkutano wa pili baada ya wiki mbili, watu wakishauombea, na mpaka hapo aliyenyosha mkono anaweza kusimama akasema amebadili nia. Aliyasema hayo haraka, kama mtu anayesoma masharti yasiyo na mteja. Tukaimba wimbo mmoja. Niliimba beti zote.

Nikashuka ukumbi wa chini. Mwinjilisti Bahati ana saa ya mkononi anayoiamini kuliko simu, na usiku hakuirudisha nyuma, kwa hiyo walikuwa wameshafika yeye na akina mama, mapema kuliko kawaida. Tayari sufuria la wali lilikuwa motoni. Hawakuruhusiwa kukaa mkutanoni, ila walijua kinachoendelea juu. Waliponiona wote wakaacha walichokuwa wanafanya.

"Imepita," nikasema. "Tunauza. Bado mkutano wa kuthibitisha."

Bahati alibaki na mwiko mkononi. Hakuuliza nani kapiga nini. Baadaye akasema, "Afadhali wewe ulikuwemo, dada. Tungebaki kusema hatukuwa na mtu." Akageuka akaendelea kugeuza wali usiungue, na mama mmoja nyuma yake akaanza kuomba kwa sauti ndogo.

Hapo ndipo ilipaswa kuniuma. Nilisubiri iniume, nikakuta naangalia kama wali umeiva.

Nikapanda tena juu kuosha vikombe, kwenye kile chumba kidogo cha chai nyuma ya mimbari, kwa sababu vikombe ni kitu ninachokijua. Mama Icilda alikuwa ameshaanza. Alinipa kitambaa nikaushe. Tukafanya vikombe viwili vitatu, halafu akanishika kiwiko kwa mkono wenye povu.

"Sasa utapumzika," akasema.

Nikamwambia sijamwelewa.

Akaniambia. Aliongea taratibu, kwa Kiingereza chake kile, huku akiosha. Kwamba mume wake alimzika kanisa hili likiwa mgongoni kwake, na watoto wake walikua kanisa likiwa mgongoni kwake, na hajutii, lakini anajua uzito wake. Kwamba ameniona nikija na sare ya kazi, macho mekundu ya shifti ya usiku, nawasha boila. Wiki niliyofiwa aliniona nikimwaga ndoo za maji ya paa, akasema moyoni, mtoto huyu hatalia mpaka kanisa hili liondoke juu yake. "Mimi nitakufa siku si nyingi," akasema, "na ungeubeba peke yako kwa ajili yangu. Nakujua. Usingesema kamwe. Kwa hiyo nikanyosha mkono kwanza, nikufungulie njia."

Akasuuza kikombe, akakitazama, akakisuuza tena.

"Kama ingekuwa ni mimi tu," akasema, "ningependa kufia kwenye benchi lile."

Mikono yangu iliendelea kukausha.

Halafu akaniuliza. Aliniangalia usoni kabisa akauliza, "Lakini ulitaka, sivyo? Nimeambiwa mkono wako, kule nyuma yangu, ulikuwa juu."

Nikasema, "Ndiyo, mama. Nimechoka."

Alifumba macho akasema asante Yesu, na uso wake ukalainika kama wa mtu aliyetua ndoo. Akaniambia kikombe nilichoshika kimeshakauka, nichukue kingine.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Ni vituo vitatu vya basi, lakini nimetembea. Nimepita mbele ya maduka ya nywele na ya mihogo, nimesalimiwa na watu wawili, nimewaitikia.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nimelelewa na methali hiyo, na nimeirudia kwa Neema mpaka ananimalizia kabla sijafika nusu. Leo mimi nimesikia la mkuu na guu limevunjika vilevile, langu na lake, na la watu wa chini ambao hawakuwa hata na mkono wa kunyosha. Yeye kanyosha kwa ajili yangu. Mimi nimenyosha kwa ajili yake. Mmoja wetu angebaki na mkono mapajani, kanisa lingesimama.

Na ule uongo. Umetoka kirahisi, na najua kwa nini. Ulikuwa na ukweli ndani yake. Nimechoka kweli. Nimechoka na boila, na ndoo, na funguo. Ila ningemwambia achoke pamoja nami, tukachoka wote tumekaa kwenye benchi lile, na Bahati akashika funguo kwa muda. Huyo ana vijana chini pale wanaoweza kupanda paa. Mbona sikumwambia hilo jioni moja, tumekaa kwake, kabla ya kura? Adabu yangu ilikuwa imenifundisha kumsikiliza, haikunifundisha kumuuliza.

Nimemweleza Neema, yote, kwa Kiswahili. Akanisikiliza ameegemea friji. Akasema, "Mum, it's just a building." Kisha akauliza kwa Kiingereza kama zile kanzu bado zipo, ile aliyovaa yeye siku ya ubatizo wake, iliyokuwa nzito chini. Nikasema zipo. Akasema alidhani ule uzito ni maji.

Sasa hivi, nikiwa naandika haya, Mama Icilda amepiga simu. Sauti yake ilikuwa changamfu, siku nyingi sijaisikia hivyo. Amefikiria, anasema, kanzu hazitakuwa na kazi tena, na kanisa la jirani lina zao. Lakini vile vyuma ni vizuri, havijashika kutu, ni dhambi vitupwe. Niende Jumanne, siku yangu ya mapumziko, tukae kanisani tufumue mapindo. Atakuja na chai ya chupa. Macho yake hayaoni uzi siku hizi, kwa hiyo nije na mkasi mkali.

"Sawa, mama," nikasema. "Nitakuja."

Akasema, "Lala mapema, umestahili." Akakata.

Nimeiweka simu mezani, na kuna kitu kimeniuma. Kidogo tu, hapa chini ya mbavu, kama ganzi inapoanza kuachia. Nimekaa nacho. Sijakiondoa.

Nikimwambia ukweli, atajua kwamba mkono aliounyosha kunihurumia ndio uliolitoa kanisa lake, naye ana miaka themanini na nane, hajui ana siku ngapi za kulibeba jambo hilo. Nisipomwambia, atafumua kwa mikono yake vyuma vya maisha yake yote huku akidhani ananifanyia wema, na baada ya wiki mbili tutathibitisha, na Bahati ataendelea kunishukuru kwa kuwemo. Sioni njia isiyomuumiza mtu. Naona tu kwamba moja bado ina benchi lake ndani.

Kwetu neno la mkubwa hulipingi hadharani. Unamfuata, mnakaa chini, mko wawili.

Jumanne nitakwenda. Nitawasha boila kwanza ili asipate baridi. Mkasi nitauacha nyumbani.